Sakafu ya Akina Skyrme

Nyumba ya akina Skyrme imelala upande. Haijaanguka. Imelala upande tu, kama mtu anayetega sikio asikie majirani wanasema nini, na iko hivyo tangu kabla ya babu ya babu yangu. Wageni wakipita na magari yao husimama, hupiga picha, kisha hutuuliza kama hatuogopi. Tuogope nini? Nyumba iliyosimama miaka mia nne ina habari gani ya kuanguka leo Jumanne?

Walioijenga waliikata mialoni ikiwa mibichi, maana mwaloni mkavu humshinda mtu na msumeno wake. Walichonga nguzo na boriti uwanjani, wakatia kila ulimi kwenye tundu lake, wakapigilia vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja, kisha wakaita majirani kuja kuisimamisha mifupa ya nyumba. Baina ya nguzo wakasuka fito, wakakandika udongo uliopondwa na mavi ya ng'ombe na majani makavu, juu yake chokaa. Watu wakahamia. Ndipo ule mwaloni ukaanza kukauka taratibu humo humo ukutani, huku watu wanapika na kuzaa, na kila mti ukajikunja ulivyopenda wenyewe. Kwa hiyo hutaona pembe iliyonyooka. Sakafu ya juu inateremka kuelekea dirishani, na vitanda vyote huwekewa vibao miguuni, la sivyo unalala upande huu wa chumba unaamkia ule.

Humo ndimo alimozaliwa Reuben Skyrme, na ndiye ninayetaka kumsimulia. Hakuwa mtu wa maana kwa wanaopenda watu wa maana. Alikuwa na ng'ombe wachache, kiunga cha hopi, yale maua machungu ya kutilia bia, na bustani ya mipea ambayo matunda yake hayaliki, ukiyauma ulimi unakauka, lakini ukiyasaga na kuyaacha kwenye pipa hutoa pombe nyepesi ya kumfanya padri asahau mahubiri. Reuben alikuwa mtu mzito, mwenye mikono kama makasia na sauti ndogo isiyolingana na kifua kile. Mvua, jua, theluji, yeye yuko nje. Ndani aliingia kula na kulala. Mimi, Nesta, nimekaa ng'ambo ya njia maisha yangu yote, na nikimkumbuka namkumbuka ameegemea lango la bustani, anaitazama miti yake kama mama anavyowatazama watoto waliolala.

Mkewe ni Hettie. Alikuja pale bi harusi, mdogo kama kuku wa kienyeji, ulimi wembe. Watoto walizaliwa, wakakua, wakahamia Australia. Wakabaki wawili, na nyumba yao inayolia usiku wa baridi, kwa sababu mwaloni hauachi kusema hata ukizeeka.

Sasa nisikilize habari ya ngazi, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Ngazi ya nyumba ile inazunguka bomba la moshi, vidaraja vyake vimechongoka upande mmoja, na ni nyembamba kiasi kwamba unapanda ubavu, umeshika ukuta kwa mikono miwili. Watu husema penye nia pana njia. Aliyesema hivyo hakuwahi kuiona ngazi ya akina Skyrme. Mtu akifia chumba cha juu, mnamshushaje? Waliojenga walilifikiria hilo kabla yetu. Kwenye sakafu ya chumba kikubwa, katikati ya boriti mbili, waliacha mbao bila kuzipigilia, zimelazwa tu. Chini yake ni jikoni, palipo na meza. Siku ya msiba mnasogeza meza, mnainua mbao, mnashusha jeneza kwa kamba, na walio chini wanapokea. Tunaiita njia ya kushukia. Na mwiko wake unajulikana: aliye hai hapiti pale. Watoto wakicheza juu huzikwepa zile mbao. Mimi nimesoma, ninavaa saa, na sijawahi kuzikanyaga.

Majira ya baridi fulani, Hettie akiwa anatandika kitanda, kiharusi kikamwangusha. Upande wa kushoto ukafa. Ulimi ulibaki, tena mkali kuliko mwanzo. Daktari akaja, akapanda ubavu kama sote, akasema alale nyumbani, atunzwe, asitikiswe. Nikaanza kupanda mimi asubuhi na jioni kumwogesha na kumlisha.

Na Reuben? Reuben alikuwa chini. Magoti yake yalikwisha miaka mingi nyuma, kifua kimejaa vumbi la majani makavu, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa akilala kwenye kochi karibu na moto, Hettie akishuka kila asubuhi kumkuta. Hakuna aliyeona ubaya. Sasa atashuka nani? Yeye hawezi kupanda, mke hawezi kushuka.

Alijaribu. Siku ya kwanza ile ile alijitoma kwenye ngazi, akafika pale inapojikunja, akanasa. Nikasikia ananiita kwa ile sauti yake ndogo.

"Nesta, nivute."

"Nivute mguu upi, Mzee? Naona mmoja tu."

"Wowote utakaoupata."

Kutoka juu Hettie akasema, "Mwache hapo hapo. Atatukinga na upepo."

Nilivuta mpaka akachomoka kama kizibo, tukaanguka wote wawili jikoni. Tukacheka. Hettie juu anacheka, mimi nacheka, Reuben ameketi sakafuni mgongo ukutani anacheka, mabega yanatikisika, na sijui ni wakati gani kicheko kiliisha kikawa kilio. Nilijifanya natafuta kiatu.

Tulimwita bwana wa serikali anayehusika na majumba ya kale. Alikuja, mtu mpole, akazipapasa nguzo kama mtu anayenunua farasi, macho yakamlengalenga kwa uzuri wa nyumba. Kisha akasema hakuna kitu kitakachokatwa. Ngazi haiguswi. Madirisha hayaguswi. Nyumba hii, akasema, ni mali ya taifa zima.

"Basi liambie taifa," Hettie akamjibu, "zamu yake ya kuniogesha ni Alhamisi."

Wakawa wanaishi hivyo, mume na mke, sakafu moja kati yao. Asubuhi Reuben aligonga boriti kwa mpini wa ufagio, Hettie akajibu kwa fimbo, ndiyo salamu. Waliongea kwa kupaza sauti, na kijiji kizima tulijua mambo yao: viazi vimetoka, ng'ombe mwekundu anachechemea, Hettie hajapata choo. Ulikuwa mwaka wa vichekesho kwa wapita njia. Kwao haukuwa hivyo. Mtu akizungumza na mkewe kwa kupiga kelele mchana kutwa, kuna mambo hayasemi kabisa.

Halafu mvua ikatusahau. Kile ndicho kiangazi ambacho watu wa rika langu bado wanakitaja. Nyasi ziligeuka rangi ya mkate, kijito kikawa njia ya mbwa, na mbingu ikakaa nyeupe wiki baada ya wiki. Nyumba ikakauka mpaka ikaanza kujikunyata. Vigingi vilichungulia kwenye matundu yao. Udongo ukachanika kando ya nguzo, vumbi lake likawa linashuka polepole kwenye miale ya jua, na jikoni kukawa na harufu ya zizi la zamani, ya majani yaliyokatwa na watu ambao hata majina yao hatuyajui. Ilikuwa kama nyumba inaota, na sisi tunatembea ndani ya ndoto yake kwa vidole.

Asubuhi moja nikaingia na uji nikamkuta Reuben amelala chali juu ya meza ya jikoni, buti miguuni, mikono kifuani, macho wazi.

"Mzee," nikasema, "umekufa?"

"Nyamaza," akasema. "Naona jicho lake."

Nikatazama juu. Pembeni kidogo ya zile mbao za mwiko, ubao mmoja ulikuwa umeachana na mwenzake, ufa wa kupitisha kidole kidogo. Na kwenye ufa kulikuwa na jicho la kijivu, linapepesa.

"Ana upara," jicho likasema. "Nesta, wewe ulijua? Hakuna mtu anayeniambia kitu nyumba hii."

"Upara uko siku nyingi," Reuben akasema. "Ulikuwa hutazami."

"Nilikuwa natazama uso. Kosa langu."

Nikapanda nikamkuta ananing'inia ukingoni mwa kitanda, nikakisogeza, nikamlaza pembeni kabisa, uso wake juu ya ufa, na tangu siku ile sikuwa na kazi ya kumchangamsha. Walipunguza sauti. Wakazungumza kama watu wanaozungumza kwenye mto mmoja. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango nikimenya maharage, nisisikie maneno, nasikia mnong'ono tu unapanda na kushuka, na nzi, na mbao zinazopasuka kwa joto, tap, kisha kimya kirefu.

Hettie alikuwa na uzi wa sufu. Akaupenyeza ufani, ukashuka mpaka kifuani mwa Reuben, naye akawa anamfungia vitu: jani la mnanaa, ua la kunde, kichwa cha hopi kilichoanza kunukia. Uzi unapanda. Jioni nikienda kutandika nakuta shuka limejaa majani kama zizi, na yeye hataki niyatoe. Saa za mchana, joto likizidi, Hettie alijifunga ncha moja kwenye kidole cha mkono mzima, na Reuben akajifunga nyingine. Wakasinzia hivyo, mke juu kitandani, mume chini mezani, uzi umenyooka kati yao. Mmoja akishtuka usingizini, mwenzake anavutwa. Nilikuwa napita kwa ncha za miguu nisije nikaukata. Nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya mtu anayetazama moto wa jirani bila kuhitaji kuota.

Watu wote waliomba mvua. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mimi sikuomba.

Ikanyesha. Ilianza mchana, matone makubwa, vumbi likanuka, watu wakatoka nje wamesimama wameachama midomo kama vifaranga. Ikanyesha siku na siku. Na ile nyumba ikainywa. Mbao zikavimba, vigingi vikarudi ndani, miale ya jua jikoni ikafa mmoja mmoja. Ufa ulifunga polepole kiasi kwamba huwezi kusema ulifunga saa ngapi. Asubuhi moja uzi ulikuwa umebanwa, unaning'inia kutoka darini kama unywele, hauendi juu wala chini.

Reuben alisimama juu ya kiti, magoti yale, akajaribu kuutanua ufa kwa kisu cha jikoni. Ncha ikavunjika. Akashuka, akakaa mezani, akakiweka kisu mbele yake.

"Nesta," akasema, "najua nitakavyomwona tena."

"Kiangazi kitarudi, Mzee."

"Kiangazi kama kile nimekiona kimoja tu tangu nizaliwe. Nitamwona nikiwa nimesimama hapa, meza imesogezwa. Atakuja juu ya kichwa changu ndani ya sanduku, mimi nainua mikono. Ndivyo nilivyompokea mama yangu. Ndivyo nilivyompokea baba." Akakisukuma kisu pembeni. "Sitaki kumpokea Hettie. Nataka nimshike mkono akiwa anajua ni mimi. Basi. Sina lingine."

Moyo uliniuma. Na mimi moyo ukiniuma huwa nasema la kwanza linalokuja mdomoni. Nikasema, si tunazo zile mbao? Tuziinue. Tumwite Amos Bufton seremala, tumfunge Hettie kwenye kiti, tumshushe leo akiwa hai, alale hapa karibu na moto na mumewe.

Reuben hakuwahi kunipandishia sauti ila siku ile. "Mke wangu hapiti pale hali anapumua," akasema. "Usilirudie."

"Ni mbao tu, Mzee."

"Haya. Nenda kazikanyage, nikusikie."

Sikwenda. Mvua ilikuwa inapiga paa la mawe. Kisha fimbo ikagonga sakafu juu yetu. Tulikuwa tumesahau kwamba nyumba ile haina siri.

"We mzee," Hettie akaita.

"Naam."

"Wanaoshuka pale ni maiti."

"Ndiyo hivyo."

"Na wanaopanda?"

Reuben akatazama juu. "Hakuna aliyewahi kupanda."

"Basi hakuna aliyekatazwa," Hettie akasema. "Fikiri. Mimi nipo tu, siendi dansi."

Nilitaka kucheka kwa furaha. Jambo jepesi hivyo, na sisi watu wazima tumekaa chini yake mwaka mzima. Lakini Reuben hakucheka. Alikaa anautazama ule uzi, uso umekuwa wa majivu, halafu akavaa kofia akatoka kwenye mvua.

Siku zikapita. Akawa hasemi lolote. Mipea ikaiva, akaikung'uta, akaisaga, akajaza mapipa, kazi ya vijana watatu, na magoti yale. Akaziba pengo kwenye ua wa miba. Akasafisha mfereji. Nikamsema vibaya kwa Amos, nikasema mzee anaogopa kuning'inia, anamwacha mkewe aoze juu. Niliyasema kwa sauti, na nilikuwa mjinga.

Asubuhi moja nikamwona bustanini. Anakwenda mti hadi mti, anaweka kiganja kwenye gome, anasimama, anaendelea. Ukungu ulikuwa umemfika kiunoni, na miti ile mirefu ilikuwa inatokea na kupotea kama inamwendea yeye badala ya yeye kuiendea. Nikaenda nikaegemea lango.

"Unaaga, Mzee? Unakwenda Amerika?"

"Mbali zaidi. Nakwenda juu. Mwambie Amos alete kapi na kamba."

"Sasa mbona uso kama wa msiba? Ukichoka kukaa juu tutakushusha. Unatoka asubuhi, unarudi jioni, kama kuku."

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu mwenye pua yenye masizi. "Nesta, unamjua mtu aliyeshuka pale akarudi shambani?"

Ndipo nikaelewa. Hapakuwa na njia ya kushuka kwake. Ngazi haimpiti, na pale haendi chini mtu aliye hai, naye si mtu wa kuuvunja mwiko ambao baba yake aliushika. Akipanda, amepanda. Mtu ambaye hakuwahi kukaa ndani siku nzima, hata siku ya harusi yake alitoka kwenda kumtazama ndama. Siku zile zote alikuwa anaweka mambo sawa. Nililia pale langoni, sikujificha, na yeye akanipigapiga mgongoni kwa mkono wake mzito, akanieleza habari za ng'ombe, nani anunue yupi.

Amos alikuja na kapi la kupandishia magunia ya hopi, kamba nene, na kijana wa shamba la jirani na baba yake wa kusaidia kuvuta. Kabla ya kulifunga kapi kwenye mtambaapanya, boriti inayopita chini ya paa, Amos aliugonga ule mti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Akasema umekuwa chuma. Meza ikasogezwa. Amos akashuka kwa Reuben, mimi na wavutaji tukawa juu. Tukabaki tumesimama. Hakuna aliyetaka kuzigusa mbao.

"Nesta," Hettie akasema kutoka kitandani, "ukimaliza kuwa sanamu, inua."

Nikapiga magoti nikainua. Zilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Makapi ya ngano na vumbi yakamwagika jikoni, na mwanga wa chini ukaja juu, na harufu ya moshi wa kuni. Nikachungulia nikamwona Reuben ameketi kwenye kiti chake chenye mikono, kamba imempita kwapani na chini ya mapaja, ameinama anafungua buti zake. Akazivua. Akavua na soksi. Akampa Amos buti.

"Zina soli mpya," akasema.

Amos akakataa. Kisha akazichukua, akaziweka mlangoni kwa adabu, kama buti za mgeni.

Kamba ikakaza. Wanaume wote, kwa mazoea, wakavua kofia na kuinamisha vichwa, kama tunavyofanya njia ile ikifunguliwa.

"Vaeni kofia zenu," Hettie akasema. "Huyu anapumua, namsikia."

Kapi likalia. Kwanza ulitokea ule upara, kisha paji la uso, macho ameyafumba, kisha mabega, na kwa kitambo alisimama hivyo, nusu ndani ya sakafu na nusu juu yake, mtu anayechipua. Akafumbua macho. Hettie alikuwa amegeuzwa upande wake, mkono mzima nje ya blanketi. Tulimzungusha, tukamkalisha ukingoni mwa kitanda, peku. Akaushika ule mkono, akautazama pande zote mbili kama anahakikisha ndio wenyewe.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umenenepa. Jumla yetu haijabadilika."

Nikarudisha mbao, nikashuka, nikaenda kwangu nikajifungia mlango.

Waliishi hivyo, na sitakudanganya kwamba aliishi kama malaika. Alikuwa na dirisha moja dogo la vioo vya kijani, na kupitia hapo bustani ilionekana kama iko chini ya maji. Masika ya kwanza mipea ilipochanua, harufu iliingia mpaka kitandani, na akageukia ukuta, hakutaka kula. Siku kijana mmoja alipoukata ua wake wa miba ovyo, alilia kama mtoto, na Hettie akamtukana yule kijana toka kitandani, dirisha wazi, kwa niaba yake, matusi ambayo nisingedhani mwanamke wa kanisa anayajua. Lakini nikiwapelekea chai alasiri nilikuwa nawakuta wamelala mkono kwa mkono, sakafu imeinama, kitanda kwenye vibao vyake, mwanga wa kijani juu ya nyuso zao, na ilikuwa shida kujua kama wamesinzia au wananiota mimi na chai yangu. Nilimwuliza mara moja kama anajuta. Akasema anajutia ndama. Kisha akanisogezea kikombe nikiongeze maziwa.

Hettie alifariki asubuhi ya vuli, mipea imeiva, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, na alijua ni yeye, kwa sababu neno lake la mwisho lilikuwa kumwambia mikono yake ni baridi. Reuben aliniita kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno.

Siku ya kumtoa, Amos alimwendea taratibu. "Mzee, kiti kipo. Tukushushe kwanza, uje naye kanisani. Hakuna atakayesema neno."

"Nitamwona dirishani," Reuben akasema. "Nipe kamba ya kichwani mwa jeneza."

"Ni nzito, Mzee."

"Nimeshika mafahali."

Tukampa. Akakaa kwenye kiti chake ukingoni mwa tundu, akakanyaga boriti kwa nyayo zake tupu, akaizungusha kamba mgongoni kama afanyavyo mtu anayejua kazi. Kijana wa jirani akashika ya miguuni, sisi wengine tukashuka kupokea. Nikainua mikono pamoja na wengine. Jeneza likaja juu ya vichwa vyetu, polepole, sawasawa, halikugonga upande wala halikutikisika, mpaka likatua mikononi mwetu, nasi tukaliweka juu ya meza.

Kamba ya miguuni ikaanguka. Ya kichwani haikuanguka.

"Tumempokea, Mzee," Amos akaita. "Achia."

"Najua," akasema.

Hatukuweza kumwona tulipokuwa, tuliona mguu mmoja tu, umeikanyaga boriti.

"Amelala vizuri?" akauliza.

"Amelala vizuri."

"Basi ngojeni kidogo."

Tukangoja, viganja vyetu juu ya jeneza, mpaka alipoiachia kamba mwenyewe.